Mkate wa Kwanza

Kidole kilikuwa kinanuka. Bi Gumba aliisikia harufu yake hata katikati ya hamira na moshi wa tanuri, na kila alipoisikia, aligeuza uso pembeni.

Mwaka wa kumi na nane huu alikuwa mkandaji wa unga katika kiwanda kidogo cha mikate. Jina hilo alilipata kwa kidole gumba chake cha kulia: hakuna donge lililoingia tanurini kabla hajalibonyeza na kusema limeumuka. Sasa gumba lenyewe lilikuwa limetunga usaha. Lilivimba kama kitunguu, ukucha ukainuka upande mmoja, na chini yake kitu cha manjano kikawa kinachezacheza. Mdudu wa kidole, tena wa kutisha.

"Kaka, niruhusu niende hospitali," alimwambia msimamizi. "Kidole kinaoza hiki."

Msimamizi hakukitazama hata kwa jicho la pembeni. "Dada yangu, umevunjika mguu? Funga kitambaa ukande. Maduka yanasubiri mikate."

Akafunga, akakanda. Alikubali kirahisi hivyo, na hilo lilimtia kinyaa kuliko usaha wenyewe.

Alipotoa mikono kwenye unga, kidole kilikuwa wazi. Alichakura mpaka viwikoni, akapata nusu ya kitambaa, imelowa, na rangi yake afadhali isitajwe. Nusu ya pili hakuiona.

"Hili donge ni la kutupa," alisema, akimwonyesha kile kipande.

"Kutupa? Una wazimu? Moto unaua kila kitu. Ingizeni!"

Wenzake waliangalia sakafu, wakaingiza.

Pale kiwandani palikuwa na utaratibu mmoja. Kila mikate ilipotoka, msimamizi aliumega wa kwanza akaula mbele ya wote, ndipo aseme, "Pakieni." Hakuwahi kuuruka. Hata siku aliyong'olewa jino alitafunia upande mmoja.

Mikate ikatoka. Ilikuwa mizuri, imeiva vizuri, inanukia, na uzuri huo ndio uliochefua. Bi Gumba aliuweka wa kwanza kwenye sahani kwa mkono wa kushoto, akampelekea.

"Karibu, bosi."

Akaumega. Akauchungulia ndani. Akameza mate matupu, watu wote wakimtazama mdomoni.

"Leo nimeshiba," alisema. "Pakieni."

Hakuna aliyesogea. Bi Gumba alibeba ndoo ya maji machafu ya kupigia deki, akayamimina juu ya mikate, trei moja baada ya nyingine, pole pole, asiruke hata moja.

"Toka! Usikanyage tena hapa!" msimamizi alifoka.

Akavua aproni, akaiacha mezani.

"Mama, kesho nani atabonyeza unga?" mwenzake mmoja aliuliza kwa sauti ndogo.

"Huyo aliyeshiba," alijibu, akashika njia ya hospitali.