Sahani ya Maji Chini ya Ampule

Bon, kama munataka kunicheka, municheke sasa hivi, juu huko mbele hakuna wa kucheka, na mi mwenyewe ata leo nikikutana na watu wa mtaa wetu hapa Gisenyi naangalia chini sawa mutu mwenye kutafuta ufunguo.

Mi ni mutu wa ofisi, kazi yangu ni kugonga mihuri, lakini mudomo yangu ni ya fundi mukubwa. Nilitengeneza kuveze, ile sanduku ya kuatamisha mayai bila kuku: mbao, kioo mbele, ampule mbili ndogo za zamani, zile taa za umeme zenye kutoa moto, kipima-joto, na sahani ya maji ndani, juu hewa ikikauka kifaranga anashikamana na ngozi ya yai na anashindwa kutoka. (Hiyo nilikuwa najua. Nilikuwa nafundisha wengine, kwa hiyo sina pa kujificha.) Majirani wakaleta mayai, kila mutu na alama yake.

Wa mwisho alikuja Mama Venansia, mjane mwenye anauza sambaza, vile visamaki vidogo, kule ziwani. Mayai saba, ndani ya kitenge, na alama ya makaa. Binti yake Klodina alikufa mwaka jana akamwachia kuku moja ya shingo wazi, ile isiyo na manyoya shingoni, na hiyo kuku pikipiki iliigonga kabla haijaanza kuatamia.

"Baba Aline," akaniambia, "ya Klodina imebaki hii tu. Utaweza?"

"Mama, lala usingizi." Nilijibu vile, kwa mudomo huu.

Mayai yote niliyaingiza siku moja, na siku ya ishirini na moja, ya vifaranga kutoka, ilianguka Jumamosi ya umuganda, wakati mtaa wote wanafanya kazi pamoja na kisha wanakaa mkutano. Nikaona bahati iko wapi tena! Nikaomba mkuu wa mudugudu mkutano ufanyikie kwangu, watu waone vifaranga wanatoka.

Sasa zikibaki siku tatu, mvua ikashika, baridi ikashuka kutoka kwenye volkano, na kipima-joto ikaanza kuteremka. Nikatoa zile ampule mbili nikaweka moja kubwa, nikaining'iniza sawasawa juu ya sahani ya maji, na nikatoboa matundu kwa kifuniko ili mayai yasiive. Nikajaza sahani, nikafunga. Joto ikarudi pale pale. Nikaona ata mvuke inapanda kwa yale matundu, nikafurahi sana, mi mujinga, nikasema ndani kuna unyevu muzuri. Kumbe naangalia maji yangu yakienda.

Bibi yangu, mama ya Aline, akauliza, "Na maji?"

Nikamwambia siku za mwisho kifuniko hakifunguliwi, na sahani ikijaa inamaliza juma nzima, nilishapima. (Nilipimia kwa ampule ndogo. Kwa ile kubwa sikupima.)

"Lakini sufuria ya chai kwa moto mukubwa si inakauka mbio?"

Nikamufokea. Nikamwambia hii si jikoni.

Jumamosi watu wakaja na majembe na matope kwa magoti, wakazunguka sanduku, Mama Venansia mbele kabisa, amevaa kitenge ya kanisa. Mkuu akasema, "Haya, fundi, tuonyeshe." Nikasema wanyamaze, waweke sikio, watasikia watoto wanalia ndani ya mayai. Wakanyamaza. Tukasikia mvua tu.

"Mbona kimya?" mutu mumoja akauliza.

"Wamelala," nikasema, na watu wakacheka, na mi nikacheka.

Nikafungua. Sahani ilikuwa kavu kabisa, imebaki duara nyeupe pale maji ilikuwa. Mayai mengi yalikuwa na katundu kadogo, na ndani ya katundu mudomo ya kifaranga, haisogei. Walijaribu kutoka. Mutu akamwita Mungu, "Imana weee!" na tena hakuna mwenye alicheka.

Mama Venansia akapiga magoti, akachukua moja ya yale yenye makaa, akalibambua polepole kwa ukucha. Ngozi ya ndani ilikuwa ngumu sawa karatasi. Kifaranga alikuwa amekufa, lakini amekamilika, manyoya iko, miguu iko, na shingo wazi.

"Ni yake hii," akasema.

Akakusanya yote saba, akayafunga tena kwa kitenge. Alipofika karibu na mi akasema, "Asante, Baba Aline. Ulijaribu." Afadhali angenitukana! Afadhali angenipiga na jembe mbele ya wote!

Ile ampule niliivunja siku ileile, na yai ya mutu sitashika tena mpaka nazikwa. Bibi yangu akiniuliza "na maji?", ata kama ni ya chai, nasimama naenda kuangalia. Yeye hakunisema ata siku moja. Mama Venansia naye bado ananisalimia, anauliza hali ya Aline, na Ijumaa ananiwekea sambaza kwa karatasi. Nyumbani wanakaanga, wanakula. Mi nawaambia nimeshiba.