Nilimwambia Mama Nyemo Maneno Yake Yamo

Kosa ni langu. Naanza hapo kwa makusudi, kwa sababu nimewahi kulisimulia jambo hili kwa watu wawili watatu, na kila mara nilianza na uchovu wa kazi, wingi wa makaratasi na joto la ukumbi, hata nilipolifikia kosa lenyewe likaonekana dogo. Wewe hunijui, nami sikujui. Labda ndiyo maana leo naweza kulieleza lilivyokuwa.

Kwa miaka mingi nilikuwa mwandishi wa mihtasari ya Baraza la Madiwani katika halmashauri moja ya huku katikati ya nchi, si mbali sana na Dodoma mjini. Madiwani walizungumza, mimi niliandika. Kikao kilichoanza asubuhi na kumalizika alasiri nilikigeuza kuwa kurasa chache zilizonyooka. Mkurugenzi alipenda kusema mbele za watu, "Muhtasari wa bwana huyu unasomeka kama kitabu."

Ee Mungu wangu, sifa ile iliniharibu!

Kwa maana nilianza kuyadharau maneno ya watu. Diwani akizunguka kidogo, nilisema moyoni: huyu hana hoja. Nilijivunia kuifinya hotuba ya robo saa ikawa sentensi moja, tena yenye adabu.

Siku ninayoiungama, ajenda kubwa ilikuwa kupitisha mabadiliko ya matumizi ya ardhi: sehemu ya malisho ya kijiji kimoja ipewe mwekezaji apande zabibu. Diwani wa kata ile alikuwa mama mmoja mfugaji, Mgogo, wa umri wa mama yangu mzazi. Nitamwita Mama Nyemo, ingawa silo jina lake. Alisimama mwishoni, wajumbe wameshaanza kunusa wali kutoka jikoni.

"Mbukwenyi!" akawasalimu wote kwa Kigogo.

"Mheshimiwa, Kiswahili tafadhali," Mwenyekiti akasema.

"Kinakuja, Mwenyekiti. Kiko njiani."

Ukumbi ukacheka. Akaanza na baba yake, akapita kwenye ukame wa zamani, akafika kwa ng'ombe wake mmoja mwekundu aliyeijua njia ya kisimani hata bila mchungaji.

"Mwongozo wa Mwenyekiti!" akadakia diwani mmoja wa viti vya nyuma. "Huyo ng'ombe naye ni mjumbe?"

"Angekuwa mjumbe angelala humu tangu asubuhi kama wewe," Mama Nyemo akamjibu bila kugeuka.

Watu wakapiga meza kwa kicheko. Kisha akasema maneno ambayo ninayajua kwa moyo hadi leo: "Mimi zabibu sizikatai. Vijana watapata kazi. Lakini njia ya ng'ombe kwenda kisimani ibaki wazi, na kisima kibaki cha kijiji. Mkiifunga hiyo, hesabuni kwamba nimekataa."

Niliyaandika katika daftari langu la rasimu, haraka haraka, kwa mwandiko mbaya. Hoja ikapitishwa, tukaenda kula.

Nilipokaa kuchapa, mstari wake ukawa hivi: "Mheshimiwa Diwani wa kata husika aliunga mkono hoja na kulishukuru Baraza."

Hakushukuru! Shukrani niliiongeza mimi, kwa mazoea, kama mtu anavyonyoosha kitambaa mezani. Nalo sharti likaanguka. Hakuna aliyenituma, wala aliyenihonga. Laiti ningehongwa! Ningekuwa mwovu anayeeleweka. Nilikuwa tu mtu anayependa ukurasa safi.

Sasa sikiliza utaratibu wetu ulivyo, kwa sababu ndani yake ndimo nilimozama. Muhtasari huthibitishwa katika kikao kinachofuata. Mwenyekiti huita ukurasa kwa ukurasa, na asiyesimama kurekebisha amekubali. Ukishatiwa saini, alichosema mtu hakipo tena. Kilichopo ni kilichoandikwa.

Asubuhi ya kikao hicho Mama Nyemo alinikuta mlangoni mwa ukumbi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu kaikalia miwani yangu, vioo vyote vimepasuka. Hebu nitazamie ukurasa wangu. Yale maneno ya kisima yamo?"

Nilichukua kabrasha lake, nikafungua, nikasoma. Ndiyo, nilisoma! Usidhani nilikosea kwa kutoona. Niliona wazi kwamba sharti halimo. Nikaona pia kitakachofuata: kumwambia Mwenyekiti kuwa muhtasari una upungufu, kuchapa upya, na Mkurugenzi kunitazama juu ya miwani yake mbele ya wakuu wa idara wote.

"Yamo, Mama," nikasema.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akubariki. Ninyi mmesoma, sisi tunabahatisha tu."

Ndani, kurasa zikaitwa. "Wa tano? Hakuna. Wa sita?" Ukurasa wa sita ulikuwa wake. Nilimtazama. Alikuwa ametulia, mikono juu ya kabrasha, ana amani. "Hakuna. Wa saba?"

Nilikuwa na muda wa pumzi moja ya kusimama. Niliutumia kupanga karatasi zangu.

Uzio ulijengwa kabla ya mvua za mwaka ule. Ulipita juu ya njia ya ng'ombe, ukakizunguka kisima kile cha mchangani, katikati ya korongo, ambacho hakikuwahi kukauka hata miaka ya njaa. Kijiji kikaanza kuzunguka mbali kufuata maji, nusu siku kwenda na nusu siku kurudi. Wengine wakauza mifugo. Wengine wakahama na mifugo yao kuelekea kusini.

Mama Nyemo aliamini kwamba ni kosa la wajenzi wa uzio tu. Akaja Barazani na watu wake, wakajaa kwenye viti vya wananchi.

"Mwenyekiti, mimi niliweka sharti! Nyote mlinisikia!"

Madiwani wakatazamana. Wengi walikumbuka ng'ombe na kicheko, hawakukumbuka zaidi.

"Tusibishane, Mheshimiwa," Mwenyekiti akasema. "Muhtasari usomwe."

Nikasimama, nikasoma sentensi yangu. Sauti haikutetemeka, hilo nalo ni la kuungama.

"Mwandishi, ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndivyo ulivyothibitishwa na Baraza, Mheshimiwa Mwenyekiti."

Kila neno la jibu lile lilikuwa kweli. Nililichagua kwa ustadi wangu wote. Sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo!

Kutoka viti vya wananchi mwanamume mmoja akapaza sauti: "Kumbe ulituuza, mama! Tena ukawashukuru!"

Mama Nyemo alinitazama mimi, kwa subira, kama mtu anayedhani bado sijamaliza kusoma.

Nilikaa.

Tangu siku ile hakuwa na kijiji. Alikuwa kiongozi wa wanawake wapigao ngoma ya muheme; wakaacha kumwita. Kaka yake wa tumbo moja aliacha kula naye. Uchaguzi ulipofika hata hakuchukua fomu. Mwishowe akafunga nyumba, akaenda kukaa kwa binti yake huko Msalato.

Mimi niliendelea na kazi miaka mingine miwili. Ndiyo, miwili! Nikipandishwa cheo, nikipongezwa. Kisha nikaanza kushindwa kuandika. Mtu akisema jambo, nalifikiria mara kumi, nachelea kupunguza neno, kurasa zikawa nyingi na za ovyo, wakanihamisha, nikaacha. Sasa nimepanga chumba Kizota, katikati ya kelele za wachomelea vyuma, nawachapia watu barua za maombi.

Nilimpelekea mwanasheria lile daftari la rasimu. Alilisoma kwa makini, akalifunga. "Hili ni daftari lako, kaka. Kumbukumbu ni ile iliyotiwa saini. Na mwekezaji ameshapewa hati."

Ndipo nikaenda Msalato. Nilimkuta Mama Nyemo uani, anapepeta uwele. Nikamsomea kila kitu kutoka daftari lile, tangu ng'ombe mwekundu hadi sharti. Ungo ulisimama mikononi mwake.

"Kwa hiyo nilisema," akanong'ona.

"Ulisema, Mama."

"Mimi nilishakubali kwamba sikusema. Kaka yangu aliponiapisha kwa Mungu, nilimjibu: labda nimezeeka, labda niliwaza tu, sikutamka." Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Umeninyang'anya mpaka akili yangu, mwanangu."

Bado aliniita mwanangu! Nilipiga magoti. Hakuniinua, wala hakunifukuza. Akasema tu, "Mimi nimeshasikia. Nenda kawaambie wao."

Nilikwenda. Jumapili moja, watu walipotoka kanisani, mwenyekiti wa kijiji akanipa nafasi. Nilisimama mbele yao, nikasoma, nikakiri yote. Niliwaza watanipiga, na kwa kweli nilitamani wanipige.

Yule mwanamume aliyepaza sauti Barazani ndiye aliyesimama. Alikuwa amekonda sana.

"Tumekusikia, mwalimu," akasema, ingawa mimi si mwalimu. "Mama tutamtumia salamu, tulimkosea. Sasa, na kisima je?"

"Kisima... sina uwezo nacho, ndugu."

"Haya." Akawageukia wenzake. "Twendeni jamani, jua linapanda."

Wakaondoka na ndoo zao. Kaka wa Mama Nyemo hakuwapo. Alikuwa miongoni mwa waliohama, na hakuna aliyejua hasa yuko wapi. Nilipompelekea Mama Nyemo zile salamu za kijiji aliuliza habari za kaka yake kwanza. Nilipomwambia, akaniambia asante, akaingia ndani, na hajatoka tena kuzungumza nami hadi leo.

Wewe unayeshika kalamu kwa niaba ya wengine, katika baraza, ofisi ya kata, kikundi cha kina mama au kikao cha ukoo: mtu akikuuliza kilichoandikwa kwa jina lake, msomee neno kwa neno, hata kama wakubwa wanasubiri na chakula kinapoa. Ukigundua umekosea, simama hapo hapo uone aibu yako, ingali ndogo. Usijidanganye kwamba utakuja kuungama baadaye. Mimi nimeungama kwa wote niliowapata, wakanisikiliza hadi mwisho, na hakuna hata ndoo moja ya maji iliyorudi.