Siku Verlene Alipotolewa Mtihanini

Verlene Gaines, Mungu amlaze pema, hakujua kutulia. Miaka kumi na minne aliwaogesha na kuwageuza wagonjwa katika nyumba ya wazee hapa Memphis, na akirudi kwake aliendelea kuzunguka: sufuria, nguo, nywele za mabinti wawili za kusuka. Mgongo ulipoanza kumgomea, akajiandikisha kusomea mitandao ya kompyuta. Alisoma wima, daftari juu ya mashine ya kufulia.

Ofisi moja ya mjini ilikubali kumwajiri, ila alete cheti kabla mwezi haujaisha. Mtihani ulifanyiwa nyumbani, msimamizi akimtazama kupitia kamera. Sharti lilikuwa moja: isisikike sauti ya mtu.

Mama yake, Mama Odessa, alikaa sebuleni na wajukuu, amewanyamazisha kwa jicho tu. Saa nzima ilipita salama. Kisha likaja swali lile lile ambalo Verlene alikuwa amelirudia asubuhi. Likamponyoka: "Asante, Yesu!"

Sasa, katika kanisa letu mtu hamshukuru Bwana akaachwa peke yake. Sauti ikatoka sebuleni: "Ndiyo, Bwana! Sema, mwanangu!"

Maswali yakatoweka kwenye skrini.

"Nani anakusaidia humo ndani?" msimamizi akauliza.

"Hakuna mtu. Ni mama, anaitikia tu."

"Anaitikia nini?"

Mama Odessa alikwishaingia, kaiinamia kamera, akamwambia msimamizi: "Binti, mimi hata simu yangu nawashiwa na wajukuu. Nimpe huyu jibu gani?"

"Mama, toka!"

"Sitoki. Kaniita mwizi."

"Hajakuita mwizi."

"Kwa sauti ile? Kaniita."

Mtihani ukafutwa. Wakampa nafasi moja tu ya kurudia, siku ya mwisho ya mwezi. Siku hizo tisa nyumba haikukalika. Verlene alipanga kabati lile lile mara tatu; Mama Odessa alikataa chakula.

"Nimewanyang'anya wajukuu zangu riziki."

"Mama, kula, nakuomba. Nina mtihani, sina nafasi ya kukuuguza."

Siku ilipofika, mama aliondoka na watoto alfajiri kwenda kupika kanisani. Verlene akabaki peke yake, akishtuliwa hata na mngurumo wa friji. Aliuma midomo mpaka swali la mwisho. Alipita, alama kumi na moja juu ya zilizotakiwa.

Aliendesha gari hadi kanisani na ndara zake za chumbani. Mama Odessa alikuwa akikata mkate wa mahindi. Alimtazama miguu, akapandisha macho usoni.

"Enhe?"

"Nimepita."

Mama akaweka kisu, akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Alipogeuka tena akapakua sahani, nyama na mboga za majani.

"Kaa ule."

"Siwezi kukaa, Mama."

Akala amesimama, simu mkononi, akisubiri wale wa ofisini waseme aanze kazi lini.