Nilivyomchagulia mkwe mtarajiwa holster ya mkono wa kushoto, tukaishia bafuni

Wakuu, heshima zenu. Anayetafuta chai apite uzi mwingine, hili lilinikuta mwenyewe hapa London mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Mimi ni mtu wa Tanga, nilikuwa namtaka Salma, binti wa Kizanzibari, kwao Hayes. Mama yake alishanikubali. Kikwazo kilikuwa baba, Mzee Haji, ujanani alikuwa askari kanzu huko Unguja. Hata salamu yangu aliiitikia shingo upande.

Bahati ikaja. Jumuiya yetu ya Waswahili wa huku iliandaa mchezo wa kuigiza wa Idd, mzee akapewa nafasi ya inspekta. Revolver ya plastiki ilipatikana. Holster, ule mkoba wa ngozi wa kuvaa begani bastola ikakaa kwapani, haikuwepo.

Mzee akaapa havai ya kiunoni. "Askari kanzu gani anaitangaza bastola yake?"

Nikajitosa. Hiyo niachieni mimi.

Nikaenda soko la vitu vya kale jirani na Edgware Road. Wakuu, kuchagua holster ya vintage ni kazi kuliko kuchagua mke. Kuna za mtutu mrefu, kuna za mtutu mfupi, nyingine ngozi imekauka hadi inalia ukiikunja. Halafu mzee anatumia mkono wa kushoto, na karibu zote zimeshonwa kwa watu wa mkono wa kulia.

Nikavuta mikanda, nikakagua nyuzi, nikanusa kama zina ukungu. Muuzaji, babu mmoja wa Kiingereza, akaanza kunieleza habari za ngozi, nikamkatiza. Nilishaipata: left-handed, laini, bitana safi. Nikaiona ndoa hii hapa.

Jumapili nikaipeleka. Mzee akaivaa juu ya fulana, akasimama mbele ya kioo na kuchomoa, kuchomoa, mpaka jasho likamtoka. Akacheka! Meno ya mzee sikuwahi kuyaona. Akakataa kuivua, hata chai akanywa nayo.

Salma akasogea kumrekebishia mkanda, akaona mhuri kwa ndani.

"Dad, it says genuine pigskin."

Nguruwe, wakuu. Ngozi ya nguruwe.

Mama akasema "Yarabi!" Mzee aliivua kama mtu aliyeingiwa na siafu.

Sasa, kwa madhehebu yetu, ukigusana na kitu hicho ukiwa na jasho, unajiosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Udongo safi sebuleni Hayes utautoa wapi? Kwenye chungu cha giligilani za mama. Maskini, zikang'olewa zote.

Mimi huku nanyemelea mlango.

"Unakwenda wapi wewe? Umenitia najisi, njoo unimiminie maji!"

Nikasimama bafuni na kopo, nimejaa aibu hadi masikioni. Maji ya kwanza, akajisugua udongo. Ya pili, akauliza baba yangu nani. Ya nne, nafanya kazi gani. Akauliza mpaka kama nasali alfajiri. Kufika ya saba ndipo nikashtuka kwamba naposa.

Mzee akachukua taulo. "Waambie wazee wako waje. Sikuachii ukazitie najisi nyumba za watu wengine."

Somo: mwacheni muuzaji amalize kuongea. Siku ya mchezo mzee alivaa holster ya turubai, kaishona mama, na mpaka leo nikimbishia ananiuliza tu, "Nikachukue kopo?"

Haya, nyie wenzangu wakwe mliwapelekea nini? Mwageni hapa.