Tezi ya Fundi Cherehani

Hospitalini walimwita Mama Vioo, kwa sababu kazi yake tangu ujana ilikuwa hiyo: kuinamia hadubini na kusoma vipande vya nyama vilivyobandikwa juu ya vioo vidogo. Wagonjwa hawakumjua. Yeye aliwajua kwa namba.

Siku hiyo mgongo ulimuuma na trei ilikuwa bado imejaa. Kioo cha nne kilikuwa cha mwanamke mwenye saratani ya titi iliyowahiwa mapema. Uvimbe ulishatolewa, pamoja na tezi moja ya kwapani, ijulikane kama ugonjwa umeanza kutembea. Tezi ilikuwa safi. Karibu safi. Kwenye ganda lake palijibanza kikundi cha seli, kama ishirini hivi, zisizo za pale.

Akazitazama mpaka machozi yakamtoka. Zilifanana na saratani. Akigeuza kidogo, hazifanani.

Daktari mpasuaji akapiga simu. "Dada, nipe jibu. Kama seli za saratani zimo, Alhamisi nasafisha kwapa lote, natoa tezi zote."

"Sijui bado."

"Miaka yote hiyo, hujui?"

"Ningekuwa mgeni wa kazi ningekwishakujibu."

Akaagiza tezi ikatwe tena, ipakwe rangi inayozinasa seli za titi. Rangi ilikuwa imeisha. Wakaambiwa wasubiri.

Siku ya sita mwanamke akagonga dirisha la maabara, pini zimechomekwa kwenye ukosi wa blauzi.

"Shikamoo, mama. Ndiye wewe unayesoma tezi yangu?"

"Marahaba, mwanangu. Ndiye mimi."

"Nasikia wakisafisha kwapa, mkono unaweza kuvimba moja kwa moja. Mimi fundi cherehani. Mkono huu ndio unaoongoza kitambaa."

Mama Vioo akasogea dirishani. "Afadhali nikucheleweshe kuliko nikukosee."

"Basi nicheleweshe, mama. Ila ujue silali."

"Hata mimi," akasema, na ilikuwa kweli.

Siku ya tisa rangi ikafika. Seli hazikuishika. Akajaribu nyingine, ile ya kunasa seli za madoa meusi ya ngozi, yale watu wanayozaliwa nayo. Zikaishika zote. Seli za doa tu, zimejikalia ndani ya tezi bila kumdhuru mtu. Akaandika, akatia saini.

"Alhamdulillahi," mpasuaji akasema kwenye simu. "Lakini siku tisa, dada!"

Ikawa fundi atapigwa mionzi ya titi, kwapa lake liachwe. Mama Vioo alidhani atafurahi. Badala yake alikaa akijiuliza ni vikundi vingapi vya namna ile aliwahi kuvisoma harakaharaka, siku za trei nyingi, na ni mikono ya nani ilivimba bure. Hapakuwa na pa kuuliza.

Adhuhuri mfagiaji alimkuta amelala kitini, koti jeupe bado mwilini.

"Mama, nenda nyumbani."

"Nakwenda," akajibu, asinyanyuke.