Gari la Tanga la Baba

Baba alichomelea mageti ya vyuma mtaani Riruta tangu kabla sijazaliwa. Alipoacha kazi kwa sababu ya mgongo, alizoea kushinda na simu. Jumamosi moja nilipomtembelea yeye na mama, akanionyesha video ya watu waliokaa kwenye vigari vya magurudumu matatu, wakisukumwa na tanga juu ya mchanga mkavu.

"Hakuna injini," akasema. "Kwani sisi tunakosa upepo?"

Mama alikuwa akichambua mboga, hata hakuinua kichwa. "Nguo zangu zinapigwa na upepo kwa kamba kila siku. Sijaona zikifika mahali."

Kwa wiki tano baba aliunganisha mabomba mepesi na magurudumu ya baiskeli. Mimi nilishona tanga kwa turubai la hema kuukuu, nikavunja sindano nne. Usukani ulikuwa wa miguu. Mkononi ni kamba moja tu: ukiivuta, tanga linashika upepo; ukiilegeza, gari linapunguza mwendo na kusimama.

Mwezi wa pili, shule ya jirani ilituruhusu kutumia uwanja wake Jumamosi. Tulingoja upepo saa nzima, mama akiwa nasi. Mpita njia mmoja akauliza kama tunauza hema. Kisha vumbi likainuka, turubai likajaa kwa kishindo, na baba akaondoka.

"Baba, legeza kamba!" nikapiga kelele.

Alikuwa akicheka, ameing'ang'ania kamba kwa mikono miwili, mpaka gari likazama kwenye nyasi ndefu za kulisha ng'ombe pembeni mwa uwanja. Nilikimbia nikidhani mgongo umekwisha. Nikamkuta amekaa palepale, kofia imepotea, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Niko sawa. Nilisahau tu."

Mama akafika nyuma yangu akihema, akikaza kitambaa chake kichwani. Nilijua atagomba.

"Toka hapo," akamwambia. "Wewe hujui kuachilia kitu. Nipe."

Tukalirudisha gari mwanzo. Akakusanya sketi, akaketi, akavuta kamba kidogo kidogo kama anayeteka maji kisimani. Alivuka uwanja wote, akailegeza kwa wakati wake, akasimama mita chache kabla ya nyasi.

"Kujeni mnigeuze!" akaita.

Alienda mara tatu. Baba alikaa chini akijikuna miguu iliyochubuliwa na nyasi, akiniambia tanga nimelishona vizuri, ila mama yangu anavuta kamba kwa woga. Lakini baba mwenyewe hakutaka turudi nyumbani.