Siku Difu Ilipoliliwa

Lori letu dogo la kubebea viazi lilianza kulia kwa nyuma mwezi wa sita, baridi ya Njombe ikiwa imeshika kweli kweli. Ukikanyaga mafuta linanguruma. Ukiachia, linalia kama ng'ombe aliyenyang'anywa ndama. Siku moja nilipolifikisha Makambako, mama mmoja muuza vitunguu alizunguka nyuma, akainua turubai, akachungulia.

"Dada, ng'ombe mwenyewe yuko wapi?" aliniuliza.

Fundi wa pale alisema ni difu, lile bonge la gia lililo katikati ya magurudumu ya nyuma, na akataka tumwachie gari wiki nzima. Baba mkwe wangu hakupenda habari hiyo. Alikuwa akikaa kwetu kwa sababu ya matibabu ya kifua, lakini kabla ya kustaafu aliendesha malori miaka mingi, akishuka mpaka Lupingu ziwani kwa barabara ambazo wengine walizipita kwa miguu.

"Difu hailazwi," alisema. "Tutaifungua hapa hapa uani."

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mume wangu huuza vitabu na huimba besi kanisani. Tulianza Jumamosi asubuhi, sisi wawili chini ya lori, baba mkwe juu ya kigoda akiwa na koti zito na kofia ya sufu, akiamrisha. Baba mkwe habishiwi. Aliponiambia nizungushe nati upande ambao mimi niliona ni wa kukaza, nilisema, "Ndiyo, baba," nikakaza. Baadaye yeye mwenyewe alishangaa ni nani aliyeikaza namna ile.

Tulipofungua nati ya kumwagia oili, oili haikutoka. Ulitoka uji mzito wenye harufu ya msonobari. Baba mkwe alichovya kidole, akanusa, akatikisa kichwa. Aliyetuuzia lori alikuwa amejaza vumbi la mbao ndani ya difu ili mlio usisikike siku ya kulijaribu.

"Mmeuziwa ugali," alisema.

Tulipoishusha difu yenyewe, ndani ya ule ugali tulikuta beringi mbili zimekwisha kabisa. Meno ya gia, kwa bahati, yalikuwa mazima. Mara manyunyu yakaanza, na baba mkwe akasema difu isiguswe na maji hata tone. Tukaifunika kwa blanketi la kijivu, tukailaza juu ya mlango wa zamani wa choo, tukaibeba kuelekea sebuleni, mume wangu mbele, mimi nyuma. Ilikuwa nzito, tukatembea polepole. Mume wangu alikuwa akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini, kama anavyofanya akibeba kitu chochote. Mimi machozi yalikuwa yananitoka kwa sababu petroli ya kuoshea vyuma ilikuwa imeniingia machoni. Jirani yetu alikuwa anaanua nguo upande wa pili wa ua. Nilimwona akisimama na shuka mkononi. Nilimsalimia kwa kichwa, naye akakimbilia ndani kwake.

Baba mkwe akaingia chumbani kulala kidogo. Mume wangu akaenda kwa rafiki yake kuazima jeki kubwa. Mimi nikapanda basi kwenda Makambako kununua beringi.

Niliporudi alasiri, nilikuta moto mkubwa uani, sufuria la maharage juu ya mafiga, na wanaume wanne wakifunga turubai kwenye miti. Ndani, wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka kuizunguka difu. Mzee wa kanisa ameshika kitabu cha nyimbo. Jirani alinikumbatia, akaanza kulia, na mimi, kwa kuwa sikujua aliyefariki, nikalia pia.

Bibi mmoja nisiyemfahamu alikuwa akilitazama blanketi kwa makini.

"Marehemu alikuwa mfupi hivi?" aliuliza.

"Ugonjwa humpunguza mtu," alijibiwa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa bado natafuta namna ya kuanza kuwaeleza wakati mlango wa chumbani ulipofunguka. Baba mkwe akatoka, shavu moja jeusi kwa grisi, akawasalimia wote, "Kamwene." Alitazama mikeka, akavua kofia kwa heshima.

"Nani amefariki?"

Jirani akasema, kwa sauti ndogo sana, "Ni wewe, baba."

Alikaa kwenye kiti, akalifikiria jambo hilo.

"Mbona sikuambiwa?" alisema.

Mzee wa kanisa ndiye aliyeanza kucheka, na akacheka mpaka kitabu kikamwanguka. Jirani alitaka kuondoka, lakini baba mkwe alimkataza. Alisema maharage yakishapikwa hayawezi kurudishwa shambani. Tukala. Kisha akawauliza wale wanaume waliokuja kuchimba kaburi kama wana haraka. Hawakuwa nayo. Beringi mpya zilipashwa moto ndani ya sufuria la oili, kando kabisa ya maharage, ili zitanuke na kuingia kwa urahisi, na bibi yule akajipa kazi ya kulinda masufuria yasichanganywe. Kabla jua halijazama, watu sita waliinua difu na kuirudisha mahali pake. Mume wangu alifika na jeki wakati wananawa mikono.

Jumatatu, shule zikiwa likizo, nikapeleka viazi Makambako, baba mkwe pembeni yangu. Lori lilikuwa kimya hata nikasikia saa yake ya mkononi. Tulipokuwa tukisubiri magunia yashushwe, aliniuliza, bila kunitazama, ni nani aliyelia zaidi.

Nilimwambia ukweli: bibi yule, ambaye hata hakumfahamu.

Alishuka, akanunua fungu kubwa la vitunguu, na jioni akampelekea mwenyewe. Bibi alivipokea kwa mikono miwili. Kisha akamtaka asimame wima, amwone urefu wake.

"Sawa," alisema. "Kumbe ni mrefu."